Mpenzi wa Jazz na Sahani Zake

Mwaka 1961 gazeti la Daily Telegraph la London lilimpa mtu mmoja kazi ya kuandika habari za sahani mpya za muziki wa jazz. Mtu huyo hakuwa mpiga tarumbeta, wala hakuwa mfanya biashara wa santuri. Alikuwa Bwana Philip Larkin, mkuu wa maktaba ya Chuo Kikuu cha Hull, mji wa bandari ulio upande wa mashariki ya Uingereza, na kazi yake ya kila siku ilikuwa kuangalia vitabu, makarani na hesabu za fedha. Waingereza walimjua zaidi kuwa mtunga mashairi. Lakini jioni, mafaili yakiisha kufungwa, alikuwa mtu wa sahani, na maoni yake juu ya sahani hizo yaliwaudhi watu wengi kwa muda wa miaka kumi, mpaka alipoiacha kazi hiyo mwishoni mwa mwaka 1971.

Maoni hayo yafaa yapimwe, kwani kila mtu aliye na santuri nyumbani kwake, hata kama hana ila sahani sita, mwisho hufika kwenye maswali yale yale aliyokuwa nayo Bwana Larkin. Je, sahani ni muziki wenyewe, au ni kivuli chake tu? Je, mwenye sahani elfu ausikia muziki kuliko mwenye kumi? Na msikilizaji asiyeupenda muziki mpya, je, ana haki ya kusema kuwa ni mbaya, ama yampasa anyamaze kwanza ajifunze?

Bwana Larkin alizaliwa mwaka 1922 katika mji wa Coventry, ambako baba yake alikuwa mtunza hazina wa mji. Bendi za dansi alizisikia katika redio angali mtoto, akazipenda mno, na wazazi wake wakamnunulia ngoma za kupigia jazz. Tena wakamlipia gazeti la Down Beat, gazeti la wapiga muziki lililotolewa Chicago, ili limfikie nyumbani. Si wazazi wengi ambao wangefanya hivyo. Alipoingia Oxford mwaka 1940, vita vikiendelea, alipata rafiki wenye ugonjwa ule ule, na mmoja wao alikuwa Kingsley Amis, aliyekuja kuwa mwandishi mashuhuri wa hadithi. Vijana hao walikuwa wakikusanyika chumbani, wakaweka sahani ya Louis Armstrong, au Sidney Bechet, au Pee Wee Russell mpiga klarineti, wakaisikiliza kwa makini kuliko walivyowasikiliza walimu wao.

Hapa pana jambo ambalo halina budi kufahamika. Tangu mwaka 1935 serikali ya Uingereza, kwa kuhimizwa na chama cha wapiga muziki wa nchi hiyo, ilikuwa haitoi ruhusa kwa bendi za Marekani kuja kupiga. Sababu ilikuwa kulinda kazi za wenyeji, kwa kuwa bendi za Kiingereza nazo zilikuwa zikizuiwa zisiende Marekani. Kizuizi hicho kilidumu miaka 20 na zaidi, hata mwaka 1956 yakafanyika mapatano ya kubadilishana bendi, ndipo Armstrong akaja tena na watu wake. Sidney Bechet alipopiga London Novemba 1949 bila ruhusa, waliohusika na kumleta walishtakiwa wakatozwa faini. Kwa hiyo kijana wa Coventry alikua mpaka akapita umri wa miaka 30, na nafasi yake ya kuketi mbele ya bendi ya Wamarekani weusi katika nchi yake ilikuwa haba mno. Alichokuwa nacho ni sahani. Kwake yeye jazz haikuwa watu, jasho, na sakafu ya dansi. Ilikuwa kitu cheusi cha mviringo, chenye karatasi katikati, kikaacho sandukuni.

Wapenzi wa muziki wa Afrika ya Mashariki wasichanganye mambo. Huku neno jazz limebandikwa kwa miaka mingi kwenye majina ya bendi za dansi. Dar es Salaam Jazz Band ilianza mwaka 1932. Na huko Leopoldville, mji uitwao sasa Kinshasa, Joseph Kabasele aliiunda African Jazz mwaka 1953, nayo O.K. Jazz ikafuata mwaka 1956. Muziki wa bendi hizo za Kongo ulikuwa mwingine, wa magitaa, na ulikula sana katika sahani zilizotoka Kuba. Walakini katika jambo moja vijana wa Leopoldville walikuwa ndugu wa yule wa Coventry: wao pia walijifunza kutoka sahani za ng'ambo, bila kumwona mpigaji uso kwa uso.

Sasa, sahani ni kitu gani? Wapenzi wengi wa jazz huanza hesabu yao mwaka 1923. Sahani ya kwanza ya muziki huo ilikuwa imekwisha kutolewa mwaka 1917, na bendi ya Wazungu waliotoka New Orleans, lakini wenye masikio husema kuwa mambo makubwa yalianza mwezi wa Aprili 1923, siku ambazo Joe Oliver, aliyeitwa King kwa heshima, alisafiri na bendi yake toka Chicago mpaka mji mdogo wa Richmond katika Indiana. Huko palikuwa na kampuni ya Gennett, iliyokuwa mali ya kiwanda cha piano. Chumba cha kutilia sauti kilijengwa karibu na njia ya reli, na gari la moshi likipita, kazi husimama.

Hapakuwa na maikrofoni. Palikuwa na pembe kubwa mfano wa faneli, na sauti za wapigaji ziliingia katika pembe hiyo, zikatikisa sindano, na sindano ikachora mfuo katika nta. Mwenye chombo cha sauti ndogo alisogezwa karibu, na mwenye chombo cha sauti kubwa alipelekwa mbali. Louis Armstrong, kijana wa miaka 21, ndiye aliyekuwa mpiga koneti wa pili, naye alisimamishwa nyuma, mbali na wenziwe wote, kwa sababu alikuwa akimfunika mkubwa wake. Baby Dodds, mpiga ngoma, hakuweza kuitumia ngoma yake kubwa, maana mshindo wake ungeirusha sindano. Akagonga vibao vya mti. Mtu aisikilizaye sahani ile leo aweza kusema kwamba bendi ya King Oliver haikuwa na ngoma. Bendi ilikuwa na ngoma. Santuri ndiyo isiyokuwa nayo.

Msikilizaji mwema, basi, ana kazi ya kufanya. Yampasa aongeze kwa akili yake kile ambacho pembe ilishindwa kukishika, kama vile msomaji wa barua iliyolowa maji akisiavyo maneno yaliyofutika. Ndiyo sababu mtu aliyeisikia sahani moja mara 50 aghalabu huijua jazz kuliko yule aliyesikia sahani 50 mara moja moja. Mara ya kwanza husikia mikwaruzo. Mara ya kumi husikia koneti mbili zikipiga pamoja. Mara ya ishirini husikia klarineti ya Johnny Dodds ikipita juu na chini ya koneti hizo.

Lakini asije mtu akadhani kwamba sahani siku zote ni kivuli cha kitu kilichokuwa kikubwa zaidi kwingineko. Novemba 1925 Armstrong alianza kutia sauti Chicago na wapigaji wanne walioitwa Hot Five. Bendi hiyo karibu haikupiga kabisa mbele ya watu. Wenyewe walikuwa wakifanya kazi katika bendi nyingine, wakakutana katika chumba cha santuri, wakapiga, wakaenda zao. Hakuna dansi ya Hot Five ambayo mpenzi wa jazz aweza kujuta kuwa ameikosa. Muziki wao ulizaliwa katika sahani, na humo ndimo ulimoishi. Hata urefu wake ulikatwa na sahani, kwa maana sahani ya inchi 10, iendayo mizunguko 78 kwa dakika, hutosha dakika tatu hivi kila upande. Katika dakika tatu mpigaji hana nafasi ya kupiga porojo. West End Blues, ambayo Armstrong aliitia sauti Juni 1928, huanza kwa tarumbeta peke yake kwa sekunde chache, na sekunde hizo zimesikilizwa na kuandikwa habari zake kuliko nyimbo nzima nyingi. Mwaka 1948 kampuni ya Columbia ilipoleta sahani ndefu, iendayo mizunguko 33 na theluthi, wapigaji walipewa dakika 20 na zaidi kila upande. Wengine walizitumia vizuri sana. Wengine walizitumia kama mjumbe wa mkutano aliyeambiwa kuwa saa imeharibika.

Kukusanya sahani ni jambo jingine, nalo lina utumishi wake ambao makarani wataufahamu upesi. Katika miaka ya 1920 kampuni za santuri hazikuona haja ya kuandika majina ya wapigaji. Karatasi ya katikati ilitaja jina la bendi tu, na mara nyingine hata hilo lilikuwa la kubuni, kwa kuwa mpigaji aliyefungwa na mkataba wa kampuni moja alikwenda kwa nyingine kwa jina la mtu mwingine. Ikabidi wapenzi wenyewe wafanye upelelezi. Walilinganisha sauti, walisoma namba zilizopigwa karibu na karatasi ya katikati, waliwaandikia barua wapigaji wazee kuwauliza ni nani aliyepuliza nini, siku gani. Mfaransa mmoja, Charles Delaunay, alitoa Paris mwaka 1936 kitabu kiitwacho Hot Discography, kilichopanga sahani hizo pamoja na majina ya wapigaji na tarehe. Katika New York, Milt Gabler, mwenye duka la Commodore, alianza katika miaka hiyo hiyo kuzitoa upya sahani za zamani zilizokuwa hazipatikani tena, na kuchapa juu yake majina ya wapigaji wote. Hapana shaka kwamba bila daftari za watu kama hao, wapigaji wengi weusi waliolipwa ujira mdogo wa siku moja wangepotea hata majina yao.

Tena sahani zenyewe zilikuwa vitu dhaifu. Zilifanywa kwa lakiri, gundi itolewayo na wadudu katika miti ya India, ikachanganywa na unga wa mawe. Ikianguka huvunjika kama kigae, na sindano ya chuma huila kidogo kidogo kila inapopigwa. Wakati wa vita lakiri ilipokuwa haba, maduka ya Marekani yaliwataka wanunuzi walete sahani kuukuu ndipo wauziwe mpya, na sahani hizo kuukuu zikasagwa. Katika sahani alizotia King Oliver mwaka 1923 iko moja, namba 5275 ya Gennett, ambayo kwa miaka mingi wakusanyaji walijua nakala yake moja tu. Mtu akicheka wale wanaoingia katika maduka ya vitu vikuukuu wakapekua masanduku yenye vumbi, akumbuke sahani hiyo.

Iko namna nyingine ya kukusanya, nayo haina sifa nyingi: kuwa na sahani ili mwingine asiwe nayo. Katika makala zake Bwana Larkin hakuwa mtu wa namna hiyo. Swali lake lilikuwa moja tu kwa kila sahani, nayo yaani hupendeza masikio au haipendezi.

Na hapo ndipo matata yalipoanza. Baada ya Oxford alikuwa hakuyafuata sana mambo mapya ya jazz. Alipoanza kuletewa sahani na gazeti lake alikutana na Charlie Parker, Thelonious Monk, Miles Davis na John Coltrane kwa wingi, na muziki wao haukumpendeza hata kidogo. Kwanza aliandika kwa adabu. Hata mwaka 1970, makala zake zilipokusanywa katika kitabu kiitwacho All What Jazz, aliziandikia utangulizi ambao ndani yake adabu iliwekwa kando. Alisema kwamba Parker katika jazz, Picasso katika picha, na Ezra Pound katika mashairi walitenda kosa moja: walikazana na ufundi wao wakamsahau msikilizaji, mtazamaji na msomaji. Kwa maoni yake muziki uliokuwa ukimfurahisha mtu aliyechoka na kazi ulikuwa umegeuzwa kuwa mtihani.

Wengi walimwita mpumbavu. Hilo si kweli, na shauri lake lina upande wenye nguvu. Mtu asiyeona furaha katika sahani hana wajibu wa kujifanya anaiona kwa kuwa wenye elimu wanatikisa vichwa. Lakini iko sababu moja iliyomfanya aone kwamba jazz imekatika katikati, nayo imo katika kabati lake mwenyewe la sahani. Tarehe 1 Agosti 1942 chama cha wapiga muziki cha Marekani, chini ya James Petrillo, kiliwakataza wanachama wake wasitie sauti katika sahani za biashara. Chama kilidai kwamba sahani zinazopigwa katika redio na mahoteli zawanyang'anya watu kazi, na kwamba kampuni zilipe. Decca ilikubali mwaka 1943. Victor na Columbia hazikukubali mpaka Novemba 1944. Ni katika muda huo huo muziki mpya ulipokuwa ukikua. Parker na Dizzy Gillespie walikaa pamoja mwaka 1943 katika bendi ya Earl Hines, na hakuna kampuni iliyoitia bendi hiyo katika sahani wakati walipokuwamo.

Watu wa Harlem waliokwenda kusikiliza usiku baada ya usiku waliona mti ukichipuka, ukatoa majani, ukazaa. Mtu wa sahani aliona mbegu mwaka 1941, kisha ukaja ukimya, kisha ghafula mwaka 1945 akatupiwa tunda mapajani. Ko-Ko, ambayo Parker aliitia sauti New York tarehe 26 Novemba 1945, ilimfikia msikilizaji wa namna hiyo kama lugha isiyo na mwalimu. Bwana Larkin alilaumu wapigaji kwa kuruka. Ruka hilo kwa sehemu kubwa lilikuwa pengo katika kabati.

Jambo la pili katika utangulizi ule ni zito zaidi. Aliandika kwamba jazz ilibadilika pale mtu mweusi alipoacha kutaka kumburudisha mtu mweupe. Msomaji wa Afrika ataisoma habari hiyo mara mbili. Kama taarifa ya mambo yalivyokuwa, ina kweli ndani yake, kwani Parker na wenziwe walitaka wasikilizwe kama mafundi, si kama watu wa kuchekesha karamuni. Lakini Bwana Larkin aliiandika kama msiba. Armstrong aliyempenda hakuwa mtumishi wa furaha ya mtu wa Coventry; alipiga kwanza kwa ajili ya watu weusi wa New Orleans na wa upande wa kusini wa Chicago, na wao ndio waliozinunua sahani zake za kwanza, zilizotolewa kwa ajili yao. Mwingereza aliusikia muziki huo kama mpita njia asikiavyo wimbo wa harusi ya jirani. Mpita njia ana haki ya kuupenda wimbo, hata kulia kwa ajili yake. Haki ya kuwaambia maarusi waimbe nini ni habari nyingine.

Wenye kumpenda Parker nao walikuwa na vichaa vyao. Mwaka 1947 Dean Benedetti, kijana mpiga saksofoni, aliingia katika kilabu kimoja cha Los Angeles na chombo cha kunasia sauti, akamfuata Parker usiku baada ya usiku. Parker akipuliza peke yake, Benedetti aliwasha. Zamu ya mpigaji mwingine ikifika, alizima, ili asipoteze nafasi. Kazi yake ilitolewa kwa watu mwaka 1990, miaka mingi baada ya wote wawili kufa, na asikilizaye hupata Parker mmoja baada ya mwingine, bila mwanzo wa wimbo wala mwisho, bila rafiki zake. Ni hazina kubwa. Pia ni kama kukata picha ya arusi ukabakiza bibi arusi tu.

Siku hizi sahani zote zilizotajwa hapa husikika kwa simu ya mkononi, hata na mtu aliye shambani. Sahani za King Oliver za mwaka 1923 zimekuwa mali ya watu wote kwa sheria ya Marekani tangu tarehe 1 Januari 2024. Hakuna tena haja ya kupekua masanduku, wala kukopa kwa rafiki. Kilichokuwa kigumu kwa wapenzi wa zamani, yaani kupata, kimekuwa chepesi; na kilichokuwa chepesi kwao, yaani kukaa na sahani moja mpaka ifahamike, kimekuwa kigumu, kwa kuwa nyingine elfu zangoja nyuma yake. Anayetaka kujaribu aichukue West End Blues ya mwaka 1928 na Ko-Ko ya mwaka 1945. Kila moja ni ya dakika tatu hivi. Azipige hizo mbili tu kila jioni kwa wiki moja, asiongeze ya tatu, kisha aamue mwenyewe kama Bwana Larkin alikuwa na haki.

Mwaka 1976 redio ya BBC ilimwuliza Bwana Larkin, kama inavyowauliza watu wengi mashuhuri, ni sahani zipi nane angezichukua kama angeachwa peke yake katika kisiwa. Alichagua nyingine za kanisa na za muziki wa zamani wa Ulaya. Na katika zile za jazz ilikuwamo ya Bessie Smith, iitwayo I'm Down in the Dumps. Mama huyo aliitia sauti New York tarehe 24 Novemba 1933, ikiwa mojawapo ya nyimbo nne alizoimba siku hiyo, na baada ya hizo hakuingia tena katika chumba cha santuri mpaka alipokufa kwa ajali ya motokaa mwaka 1937. Siku ile alipoimba, Bwana Larkin alikuwa mtoto wa miaka 11, huko Coventry.